Gari Lisilofika Ivuga

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzi, simu zilipokwisha kupanda milimani, palikuwa na mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa Dokta Mbilinyi. Mama huyu alifundisha elimu ya ardhi, na alifundisha kwa namna yake. Hakuwakalisha wanafunzi ukumbini. Aliwaambia, "Nendeni mkaishi na watu. Mchana fanyeni kazi nao, jioni tukutane mtandaoni, mniambie ardhi imewafundisha nini."

Mwaka ule wanafunzi wake walikuwa watatu, na chuo kilikuwa na nafasi moja. Atakayeitumikia jamii kuliko wenzake angesomeshwa bure hadi shahada ya pili. Wote waliitaka. Wote walitoka nyumba zisizoweza kuwalipia.

Wa kwanza, Nyamizi, alikuwa na mtoto mchanga. Hakuweza kusafiri, alibaki kwao Tabora, akasoma kwa simu huku ananyonyesha. Wa pili alikuwa Lugano, kijana wa Rungwe, mtu asiyejua kuficha neno. Wa tatu ni Mwanahawa, binti wa Lindi, mchangamfu, ambaye popote alipofika alikuwa kama amezaliwa hapo.

Lugano na Mwanahawa walipelekwa Ivuga, kijiji cha wakulima wa tangawizi katika milima ya Upare. Nyumba za Ivuga zilishikilia mteremko kama watoto mgongoni mwa mama. Kazi yao ilikuwa kuchimba makinga maji, mitaro ya kuzuia mmomonyoko, pamoja na wakulima, na kila wiki kuupiga picha mteremko. Kazi ya Nyamizi ilikuwa kuzipokea picha hizo na kuzilinganisha.

Mvua za vuli zikaanza. Zikanyesha, zikanyesha, zikakataa kukatika.

Siku moja Nyamizi aliona jambo. Miti iliyokuwa juu ya kijiji, katika picha za zamani ilisimama wima. Katika picha mpya imeinama. Akataka kusema. Lakini jioni ile, darasani mtandaoni, Lugano alikuwa amemtania, "Wewe wa kitandani utatufundisha sisi wa matopeni?" Mwanahawa akacheka. Nyamizi akalimeza neno lake, akangoja picha za wiki iliyofuata. Zilipokuja, miti imeinama zaidi, na chini yake pana mstari mweusi.

"Dokta," alisema, "mlima unatembea."

Dokta Mbilinyi alizitazama picha moja moja. Kisha akawapigia simu wataalamu wa miamba. Wakamjibu kwamba mtu wao atafika keshokutwa, na watu wasitiwe hofu bure. Dokta akawageukia wanafunzi wake. "Mimi siko huko. Ninyi ndio macho yangu. Nendeni mkaone, kisha waokoeni watu."

Kulipokucha Lugano alipanda peke yake, mvua ikimpiga usoni. Aliukuta ufa. Akaingiza mkono mpaka begani, asiguse chini. Akiwa amepiga magoti pale, ardhi ikanguruma chini yake. Angeweza kukimbilia ng'ambo ya bonde akajiponya. Alikimbilia kijijini.

Alipita nyumba kwa nyumba, akasema kweli yote bila kupunguza.

"Shikamoo mama. Mlima umepasuka. Nimeuona kwa macho yangu. Tokeni, vukeni bonde."

"Marahaba. Mwanangu, mlima huu wameulima babu zetu."

"Mama, babu zenu hawakuuona ufa huu."

"Na tangawizi yangu iliyo ndani? Nikienda, utailinda wewe?"

Nyumba ya kwanza ikakataa. Nyumba ya pili ikakataa. Nyumba ya tatu wakamfungia mlango. Aliyemsikia alikuwa mmoja tu, Mzee Senzota. "Kijana huyu hana sababu ya kunidanganya," alisema. Akamshika mkono mkewe, Mama Navoneiwa, wakavuka bonde, wakaenda kwa dada yake mzee nyuma ya kilima cha pili; wana wao na wajukuu wakabaki.

Lugano akamfuata Mwanahawa barazani kwa mwenyekiti wa kijiji, tope limemfika kiunoni.

"Wamekataa."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa Mzee Senzota."

"Basi tuwaambie neno watakalolikubali. Tuwaambie gari la tangawizi limefika shuleni ng'ambo."

Lugano akamkazia macho. "Huo ni uongo, Mwanahawa. Tukiwadanganya leo, kesho nani atatuamini?"

"Kesho ya nani, Lugano? Ya maiti?"

Akachukua kipaza sauti cha mwenyekiti. Sauti yake ikajaa bonde zima, ikavuka hata vilima: "Jamani, gari la tangawizi liko shuleni! Mnunuzi anatoa bei maradufu, na anaondoka sasa hivi! Njooni na watoto wabebe! Njooni na wazee, kila mtu apokee chake mwenyewe!"

Ivuga ikamiminika. Wanaume na magunia, wanawake na vikapu, watoto na ndoo, hata bikizee mmoja akabebwa mgongoni, maana alitaka fedha yake aishike kwa mkono wake. Walimpita Lugano wakishangilia. Lugano hakusema kitu. Alimpokea mama mjamzito gunia lake, akafuata nyuma.

Shuleni uwanja ulikuwa mtupu.

"Binti, gari liko wapi?"

Mwanahawa akaugeukia mlima.

"Tunakuuliza, gari liko wapi?" Mwanamume mmoja akamkamata ukosi wa shati. "Umetutoa majumbani na mvua hii ili utucheke?"

Kabla hajajibu, mlima ulishuka. Miti ilikuja imesimama, kama watu wanaokimbia, kisha ikalala. Mabati yakalia. Halafu pakawa kimya, na pale palipokuwa na kijiji palikuwa na udongo mwekundu unaotoa mvuke.

Yule mwanamume akaliachia shati. Akapiga magoti. Watu wakaanza kuitana majina, na kila jina likaitika. Wanawake wakamkumbatia Mwanahawa, wakalia naye.

Ndipo Mama Navoneiwa akatokea anakimbia, kanga imemdondoka kichwani. "Mmemwona mume wangu? Alisikia gari limefika. Amepita njia ya mkato kuchukua magunia yetu nyumbani."

Watu wakaugeukia udongo mwekundu. Walipokuja kumfukua, gunia lilikuwa bado mgongoni.

Baada ya msiba Dokta Mbilinyi alipanda Ivuga kutoa uamuzi. Watu wakakaa katika uwanja wa shule, Nyamizi akiwa kwenye simu, mtoto mapajani.

Nyamizi akasema, "Nilikuwa mbali, lakini mimi ndiye niliyeona. Nisingeona, nani angepanda? Nani angedanganya?"

Lugano akasema, "Picha ingebaki picha kama nisingetia mkono wangu kwenye ufa. Niliwaambia kweli. Aliyeiamini kweli yangu alikuwa salama, mpaka alipoitwa na uongo."

Mwanahawa akasema polepole, "Namwona Mzee Senzota kila nikifumba macho. Lakini wahesabuni waliokaa hapa. Kweli ya Lugano iliwaacha majumbani."

Kisha wakageukiana.

"Nyamizi, ulinyamaza wiki nzima. Mtaalamu angefika, na Mzee angekuwa hai."

"Nilinyamazishwa na nani, Lugano?"

"Na wewe Lugano," alisema Mwanahawa, "uongo wangu uliujua. Ulibeba gunia ukanifuata. Kama uongo huo ulikuwa mchafu, mbona hukupaza sauti?"



Watu wakamwomba Mama Navoneiwa aseme. Akasema, "Wajukuu zangu wako hai kwa ajili ya binti huyu. Mume wangu yuko kaburini kwa ajili ya binti huyu. Msiniulize mimi."

Dokta Mbilinyi, aliyewatuma naye akabaki mjini, akashindwa kuamua. Nanyi mnaonisikiliza, chuo kinangoja jina moja. Msiniambie wagawane, nafasi haigawanyiki. Wala msiniambie wanyimwe wote, maana watu wa Ivuga wameketi pale wanawatazama, na wako hai.

Aliyeona akachelewa, aliyesema kweli asisikiwe, aliyedanganya akaokoa na kuua: je, wenzangu, nani alistahili?