Mkokoteni wa Nyati na Salamu za Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wana adabu za kupitiliza, Nyati aliishi na mama yake kando ya bwawa lililokuwa likikauka. Kundi lilijiandaa kuhamia ng'ambo ya mlima kwenye maji, lakini magoti ya mama yalishagoma. Nyati akatoa asali yake yote, akanunua mkokoteni kwa Nguchiro ili ambebe mama yake.

"Mpya kabisa! Haujapakia hata jani!" Nguchiro akasema, mkia juu.

Nyati akaukokota kwenda nyumbani. Krii, krii, krii... chopo! Gurudumu likachomoka. Kuinama, akaona mhimili una ufa, umezibwa kwa nta na kupakwa rangi. Masikini, machozi yakamlenga.

"Usilie," mama akamwambia alipofika nyumbani. "Sheria ya soko unaijua. Kitu kipya kikiwa kibovu, mnunuzi akimwambia Mbuni, msimamizi wa soko, kabla mwezi haujaandama, anapewa kingine. Nenda ukaseme."

Nyati akaenda mbio, vumbi tifu! Nguchiro alimwona kwa mbali, akamvuta Mbuni bawa, wakamlaki.

"Shikamoo, mzee wangu!" Nguchiro akawahi.

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mkokoteni, habari zake?"

"Nzuri, ila gurudumu..."

"Nzuri! Umesikia, Mbuni?"

"Nimesikia," akasema Mbuni, akaenda zake kuamua ugomvi wa wauza mihogo.

"Lakini nilitaka kusema..."

"Utasema, mzee wangu, utasema! Karibu uji kwanza."

Nyati, kwa kuona haya kukataa, akanywa uji. Alipomaliza, Mbuni alikuwa ameshafunga soko.

Jamani! Nyati huyu alikuwa na nguvu za kung'oa mti. Lakini alilelewa kujibu salamu vizuri kwanza, shida baadaye. Nani kati yetu hakulelewa hivyo?

Kesho yake alirudi akijikumbusha njia nzima: "Mbovu, mbovu, mbovu." Safari hii Nguchiro alikuwa amewapanga watoto wake mbele ya Mbuni, wote macho chini kwa heshima.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Mkokoteni wako mzima, babu?"

"Mzima tu, wajukuu... Lo!"

Nyati akajiuma ulimi, lakini neno lilishatoka. Aibu ikamrudisha nyumbani, na jioni ile mwezi ukaandama.

Hapo ndipo alipopata sauti. Akalirudia soko akinguruma: "Ni mbovu! Tangu siku ya kwanza ni mbovu!"

Mbuni akashusha pumzi. "Muda umepita, Nyati. Tena mimi mwenyewe nimekusikia mara mbili ukiusifu."

Nguchiro akaangua kicheko, kwi kwi kwi, akaendelea kulamba asali.

Asubuhi kundi likaondoka.

"Nenda nao, mwanangu," mama akasema.

"Siendi, mama."

Aliwatazama wenzake mpaka wakapotea mlimani, akijuta kwa uchungu. Neno moja tu angelisema, mama yake angekuwa njiani sasa. Kila alfajiri alichimba tope la bwawa kwa pembe zake, akapata maji kidogo ya kumnywesha. Mpaka siku moja akampelekea maji, na mama hakuamka kuyanywa.

Basi wanangu, hadithi yangu imefika mwisho, nanyi mshike hili: ukiuziwa kitu kibovu, sema ni kibovu kabla hujasema lolote lingine.