Funga-Macho ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Basi aliye mbali asogee, mwenye mtoto ampakate.

Hapo zamani za kale, Jumatatu asubuhi, Nungunungu alikunywa kifuu kimoja cha pombe. Kimoja tu.

Alikuwa njiani kwenda kuposa. Alimpenda Mwajabu tangu msimu wa mihogo, naye Mwajabu alimpenda. Ilibaki mama mtu akubali. Mshenga alikuwa Ngedere.

"Ndugu yangu," Ngedere alimwambia, "huko nasema mimi. Wewe kaa, inama, nyamaza."

Wakapita kilabuni kwa Fisi. Fisi akamimina tembo la mnazi kifuuni, akamimina pombe ya ndizi, akamalizia na gongo.

"Hii inaitwa Funga-Macho," akasema.

"Kwa nini?"

"Ukiitazama, huimezi."

"Mimi sijawahi kunywa, bwana."

"Mnamwona? Anamwogopa mkwe hata hajaoa."

Kilabu kizima kikacheka. Nungunungu akafunga macho. Gubu! Ikaingia tamu. Ikafuata chungu. Ikafuata ladha ya kamba iliyolowa. Machozi yakamtokea puani.

Wakafika kwa kina Mwajabu. Wakaketi mkekani.

"Kijana wenu anakunywa?" mama akauliza.

"Huyu? Hajawahi kuonja pombe," Ngedere akajibu.

Hadi asubuhi ile lilikuwa neno la kweli.

Kwik! Nungunungu akashikwa na kwikwi. Chwaa! Miiba ikasimama.

"Ni mafua," Ngedere akasema, akichomoa mwiba pajani.

Mama akasogea, akanusa. "Pombe ya ndizi. Tembo. Na hii ya tatu siijui."

"Gongo, mama," Nungunungu akajibu kwa adabu.

Ngedere akafunika uso.

"Ni kifuu kimoja tu, mama."

"Baba yake Mwajabu naye alianza na kimoja. Mshenga, mrudishe kwao."

Nyuma ya mlango mtu alikuwa akilia. Nungunungu aliisikia sauti, akaijua.

Alirudi Jumanne. Alirudi Jumatano. Alikaribishwa, akapewa maji, akaambiwa Mwajabu hayupo.

Watoto, na wakubwa pia: usimeze usichokitaka kwa kuogopa kuchekwa. Waliocheka siku ile hawakumbuki hata walichekea nini. Nungunungu anakumbuka.

Mwezi uliofuata Mwajabu aliolewa ng'ambo ya mto. Nungunungu hakuoa. Hadithi yangu imekomea hapo.