Simbi Kumi na Mbili za Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, mito ilipokuwa bado haijapewa majina, zilikuwapo nchi mbili zilizotenganishwa na mto mmoja mpana. Upande wa huku ilikuwa Nchi ya Vichuguu, yenye jua na vumbi. Upande wa kule ilikuwa Nchi ya Ukungu, ambako asubuhi haikuwa na haraka ya kwisha, na sauti zilikufikia polepole kana kwamba zimetoka usingizini.

Huku wanyama walinunua na kuuza kwa simbi, yale makombe madogo ya pwani. Kule walitumia manyoya ya heroe, yule ndege mwenye rangi ya waridi. Ukimpa muuzaji wa kule simbi, atakutazama kwa huruma na kukuuliza umeokota wapi kokoto hiyo.

Nguchiro aliishi na mama yake katika kichuguu chenye milango mitano. Vumbi lilikuwa limemharibu mama macho, na kila siku aliona kidogo kuliko jana. Dawa ilikuwa moja tu, asali ya yungiyungi, nayo iliuzwa ng'ambo, kibuyu kimoja kwa manyoya kumi. Basi Nguchiro akafukuza nyoka katika maghala ya majirani msimu mzima, hata akapata simbi kumi na mbili.

"Zigawe," mama akamwambia, akizipapasa moja moja. "Sita mfukoni, sita shavuni. Ukiibiwa za mfukoni, utabaki na za shavuni. Na usizihesabu mbele ya wageni."

"Nimesikia, mama."

"Tena ukirudi, unieleze ile rangi ya manyoya. Nilikuwa naijua. Sasa kila nikiiwaza, inanijia kijivu."

Nguchiro akaondoka.

Katikati ya mto palikuwa na kisiwa cha mchanga, na madaraja mawili ya mizizi yaliyokiunganisha na nchi zote mbili. Hapo ndipo alipokaa Kiboko, mbadili fedha. Kushoto kwake kikapu cha simbi, kulia kwake kikapu cha manyoya. Waliokwenda walipanga safu upande mmoja, waliorudi walipanga safu upande mwingine, naye mwenyewe amejaa katikati kama ukuta wa ngome, hivi kwamba safu moja haikuiona nyingine.

Kiboko alikuwa na sheria mbili, na alizitangaza kila asubuhi kwa sauti ya kutetemesha maji.

"Ya kwanza, kwenye safu ni kimya. Atakayesema atarudi nyuma ya wote. Ya pili, asiyebadili apite bure." Hapo alicheka hadi mashavu yakampiga masikio, kwa kuwa nani angevuka na fedha isiyonunua kitu?

Nguchiro akasimama mwisho wa safu, akasikiliza.

Upande huu: "Simbi tatu, unyoya mmoja. Lete. Hii ina mkwaruzo, nahesabu nusu. Pita."

Upande ule: "Manyoya matatu, simbi moja. Huu umepinda, siutaki. Pita."

Nguchiro akachuchumaa, akachora mchangani kwa ukucha. Hesabuni naye, wanangu, taratibu. Simbi tisa zikivuka, zinakuwa manyoya matatu. Manyoya matatu yakirudi, yanakuwa simbi moja. Yaani mtu ametoka na tisa, hakununua hata punje ya mtama, akarudi na moja. Nane zimelala kikapuni kwa Kiboko.

Tena simbi zake kumi na mbili zingempa manyoya manne. Manne hayajazi kibuyu, na macho ya mama hayangesubiri misimu mingine miwili.

Akaufuta mchanga, akaenda mbele, akainama.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, kidole wewe. Umesema kwenye safu. Rudi nyuma."

"Nilikuwa nyuma tayari, Bwana Mkubwa. Nimekuja kwa ajili ya shingo yako."

Kiboko akaacha kutafuna. "Shingo yangu ina nini?"

"Nimeihesabu. Kila mteja wa kulia, unageuka kulia. Kila mteja wa kushoto, unageuka kushoto. Leo tuko ishirini. Hiyo ni migeuko ishirini kabla ya chakula, na shingo yenyewe ni nzito kuliko yangu mara elfu."

"Kweli inauma," Kiboko akasema, kama aliyekumbushwa jambo la siri. "Nilidhani ni baridi."

"Tupange safu moja tu, mbele yako. Mmoja anayerudi, nyuma yake mmoja anayekwenda, kisha anayerudi, kisha anayekwenda. Wewe utazame mbele tu."

"Mbele tu?"

"Hata macho waweza kuyafumba mpaka safu itimie."

Kiboko akapiga mwayo, hoooo, na ukungu ukamwingia kinywani na kutoka tena. "Wapange wewe. Ila kimya."

"Kimya kabisa, Bwana Mkubwa."

Kiboko akafumba macho. Nguchiro akawapanga wale ishirini, naye akiwamo, kumi wenye simbi na kumi wenye manyoya, mmoja baada ya mwingine. Ukungu ulikuwa umetanda hata miguu yao haikuonekana, wakawa kama wanaoelea. Yeye akasimama mwisho kabisa, nyuma ya Bibi Korongo aliyekuwa akirudi nyumbani.

Akamgusa bawa. Akatoa simbi moja, akaiweka kiganjani. Akauelekezea kidole unyoya mmoja katika fungu la Bibi Korongo, kisha akakitandaza kiganja kando yake. Moja kwa mmoja.

Bibi Korongo akaitazama simbi, akatazama kule mbele, akamtazama Nguchiro. Akaigonga simbi kwa mdomo. Kong'. Ilikuwa nzima. Nguchiro naye akaupuliza unyoya, fyuu, ukapanda angani na kushuka bila haraka. Ulikuwa wa heroe kweli, si wa kuku aliyetiwa rangi.

Wakabadilishana, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Aliyekuwa mbele yao akageuka na kuona. Akamgusa aliyekuwa mbele yake. Hivyo ikaenda safu nzima, kong', fyuu, kong', fyuu, laini kama matone ya umande, na Kiboko akatabasamu ndotoni akidhani ni mvua.

Safu ilipotulia, akafumbua macho.

"Wa kwanza. Unabadili nini?"

"Sibadili, Bwana Mkubwa," akasema Digidigi.

"Unarudi nyumbani kula mchanga?" Kiboko akacheka. "Apite bure. Wa pili?"

"Sibadili."

"Bure. Wa tatu?"

"Sibadili."

Kufikia wa tisa alikuwa hacheki tena. Kufikia wa kumi na tano alikuwa amesimama, maji yakimchuruzika tumboni.

"Hakuna kupita," akasema. "Sheria imebadilika."

Wanyama wote, waliokwisha kupita na waliobaki, wakaitamka pamoja kwa sauti ya chini, kwa namna alivyoitangaza mwenyewe miaka yote: "Asiyebadili apite bure." Mto ukairudia. Kiboko akaketi.

Wa mwisho akawa Nguchiro.

"Nawe?"

"Sibadili, Bwana Mkubwa. Shingo yaendeleaje?"

Kiboko akaigeuza kidogo kulia, kidogo kushoto. "Haiumi," akakiri kwa uchungu.

Nguchiro akavuka. Akalipa manyoya kumi kwa kibuyu cha asali. Kwa unyoya mmoja akapata chakula na mahali salama pa kulala. Wa mwisho akauweka shavuni, akarudi nao nyumbani.

Siku saba akampaka mama asali asubuhi na jioni. Siku ya nane akampulizia ule unyoya mbele ya uso, nao ukapanda, ukakaa hewani, ukashuka.

Mama akaufuata kwa macho mpaka chini.

"Si kijivu," akasema. "Ni waridi."

Hekaya yangu inakomea hapo, nanyi bakini na neno hili: kabla hujampa mbadili fedha yako, mtazame kwanza msafiri mwenzako, huenda anacho unachokitafuta naye anakitafuta ulicho nacho.