Jina Moja kwa Nuru ya Mbali

Wanaotaka hadithi ya sungura waende kwa jirani. Mimi leo nina hadithi ya ndugu watatu waliofiwa, na mwisho wake nitawatwika ninyi, maana mimi umenishinda.

Mwajabu, dada mkubwa, alikuwa na sikio la kumsikia fukusi ndani ya punje ya mahindi. Sikitu, wa kati, alikuwa na jicho la kumwona siafu ng'ambo ya bonde. Zaituni, kitindamimba, alikuwa na akili: mwonyeshe moshi tu, atakuambia kinachoungua ni nini na kimeanza kuungua lini.

Kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja. Surua ilipopita katika nchi yao, Kheri wa Mwajabu, Tufa wa Sikitu na Mboje wa Zaituni walizikwa siku moja.

Sasa sikilizeni desturi ya watu hao. Jina la mtoto aliyekufa sharti litue juu ya kitu kisicho na jina kabla ya arobaini kwisha. Lisipotua halitamkwi tena, hata na mama yake. Na kitu kimoja hubeba jina moja tu. Lakini surua ilikuwa imeua watoto wengi mno. Visima, vilima, mawe ya mtoni, hata ndama na nyota zinazoonekana, vyote vilikwisha kupewa majina. Inauma, nchi kukosa pa kuwaweka watoto wake.

Bi Kashindye, mtaja majina, aliwaambia wakipata kitu kipya wamjibu mambo matatu: kiko wapi, kina sura gani, na ni nini hasa. Jibu moja likikosekana, hataji.

Mwajabu akafuma waya, akapata sinia kubwa kama paa la nyumba. Akaielekeza juu, akakaa chini yake juani akisikiliza, hali wala hasemi na mtu. Mwishowe, mahali ambapo watu wote walisema ni patupu, akasikia mvumo mwembamba usiokatika. Akanyoosha kidole.

Sikitu akasugua kioo mpaka vidole vikatoka damu, kisha akatazama kule kidole kilikoelekea. Akaona nukta ya samawati, ndogo kuliko punje ya ulezi, ambayo macho ya watu wote yalikuwa yameipita.

Zaituni akachukua mvumo na nukta, akapiga hesabu mpaka nywele zikaanza kumtoka. Akawaambia dada zake kwamba ile si nyota. Ni shimo jeusi, zito kuliko majua mamilioni kwa mamilioni, linalomeza nyota zilizo jirani. Vinavyomezwa huzunguka, huwaka, na kutoa nuru ya mwisho kabla ya kupotea. Wasomi huiita kwasa, na nuru yake ilianza safari kabla dunia haijakuwepo.

Majibu yakatimia, na ugomvi ukaanza. Mwajabu alisema bila sikio lake wangekuwa wanakodolea giza macho hadi leo. Sikitu alisema mvumo usio na sura ni upepo tu. Zaituni alisema bila yeye Bi Kashindye angewafukuza mlangoni.

"Mdogo wangu," Sikitu akamwambia, "kweli unataka jina la mwanao likae juu ya domo linalokula?"

"Surua nayo ilikula, dada," Zaituni akajibu. "Hili angalau linatoa mwanga."

Basi wakalia wote watatu, kila mmoja kivyake.

Siku ya arobaini, jua likiwa limeinama, wakasimama mbele ya Bi Kashindye. Kura walikataa, hakuna mama aliyekubali jina la mwanawe lichezewe bahati nasibu. Bi Kashindye ameshajaza maji kinywani, kama ilivyo desturi. Akiyatema atataja jina moja, na mama wawili watakatazwa kuwaita watoto wao hata kwa kunong'ona.

Msiniambie hamjui, kwa sababu jua likizama kabla hajataja, majina yatakufa yote matatu. Je, wewe ungemtaja mtoto yupi, na wale mama wawili ungewatazamaje usoni?