Cheki Iliyopelekwa Benki Jumatatu

Hapo zamani, na msianze kuniuliza ya mwaka gani, ni zamani ya juzi tu, kulikuwa na msichana aitwaye Wakesho. Alisomea biashara chuo kikuu miaka minne, akatoka na digrii ya second upper na begi la fotokopi. Miaka mitatu akazungusha barua za kazi. Ofisi zote zilimjibu kwa lugha moja: we will get back to you. Mpaka leo zinarudi. Labda zinakuja kwa magoti.

Sasa, kwao digrii si digrii mpaka iliwe. Watu wale nyama, wacheze, wapige picha na mwenye joho. Ya Wakesho ilikuwa haijaliwa, na mama yake alikuwa amechoka kuulizwa kanisani, "Huyu wako alimaliza kweli, ama alifukuzwa?" Akaapa kwamba mwaka huu lazima sherehe.

"Mama, tunasherehekea nini? Njaa?"

"Tunasherehekea karo yangu. Wewe vaa joho unyamaze."

Ndipo akaja Mwakisha, mjomba mtu, mwenye duka la vipuri vya magari. "Niece, mwite Mama Righa alete tenti na viti mia tatu. Mwandikie cheki. Mimi niko nyuma yako. Wiki ijayo, by Thursday, pesa imeingia."

Kitabu cha cheki Wakesho alikuwa nacho tangu chuo, kilikuwa hakijachanwa hata karatasi moja. Akaunti yenyewe ilikuwa na shilingi mia mbili, za kulinda mlango. Akaandika elfu arobaini kwa mwandiko mzuri. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza digrii yake kufanya kazi.

Mama Righa akaigeuza cheki mbele na nyuma. "Mwanangu, hii ina pesa ndani?"

"Bado, Mama Righa. Sherehe ni Jumamosi. Wewe ipeleke Ijumaa inayofuata, si kabla."

"Hakuna shida. Nitailaza kwenye Biblia, hapo Zaburi."

Msishangae. Mji ule wote ndivyo ulivyoishi. Cheki haikuwa malipo, ilikuwa mateka: unamshikilia mtu karatasi yake mpaka alete pesa, mnapeana mikono, mnaichana. Benki haikuhusika kabisa.

Na nani aliyesaini? Wakesho. Mwekeni hapo.

Jumamosi watu wakala. Mshereheshaji akashika maikrofoni, na orodha ya kushukuru watu aliyoandikiwa na Wakesho. Akamshukuru mchungaji, akamshukuru chifu, akamshukuru DJ, akamshukuru hata ng'ombe. Mama Righa, na kitenge chake kipya, alikuwa ameshajiweka tayari kusimama. Mshereheshaji akafika mwisho wa orodha, akatupa macho huku na huku: "Na wewe mama wa viti, huku nyuma havitoshi, kimbia!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Righa naye akacheka, kwa meno tu.

Jumatatu asubuhi akaitoa cheki kwenye Zaburi, akaipeleka benki. Ikadunda kama mpira. Hakupita kwa kina Wakesho kuuliza. Alikwenda moja kwa moja polisi.

Jumatano Wakesho akapigiwa simu mbili. Ya kwanza ilitoka shamba la mkonge: amepata kazi ya karani wa hesabu, aripoti na cheti cha good conduct, kile cha polisi cha kuonyesha hana kesi. Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Ya pili ilitoka polisi.

Kituoni alikwenda na mama yake na mjomba, wakamkuta Mama Righa ameshaketi. Inspekta Ekal alikuwa na chai na mandazi mezani. "First offender? Usilie. Shtaka la kwanza ndilo chungu, la pili utazoea."

"Afande, nina kazi! Wanataka good conduct!"

"Basi ungengoja uajiriwe ndipo ukosee."

Mjomba Mwakisha akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Afande, mimi nilituma! Elfu arobaini kamili, Jumapili, kabla ya ibada!"

"Mbona akaunti ilikuwa tupu?" Wakesho akauliza.

"Nilimtumia dada yangu. Kwetu pesa ya ukoo haimruki mkubwa. Nimtumie mtoto, nimwache mama yake?"

Wote wakamgeukia mama. Mama akaikaza leso yake.

"Nilizipokea. Nikampa yule bwana wa mkonge anayeandika majina ya wanaoitwa kazini. Alitaka chai. Nikajiambia, viti vinaweza kungoja, nitakopa kwenye chama chetu cha akina mama kabla ya Ijumaa. Kazi haingoji. Na kazi si imetoka?"

Inspekta akaanza kulichunguza andazi lake kana kwamba ndilo lenye kesi.

Wakesho akapiga hesabu upya. Kumbe hawakuisoma second upper. Kumbe simu ile iliyotawanya kuku ilinunuliwa kwa viti mia tatu vya plastiki.

"Na wewe, Mama Righa," Inspekta akasema, "ulijua cheki haina pesa?"

"Nilijua. Nilijua pia kwamba nina jina. Watu mia tatu walikalia viti vyangu, hata mmoja hakulitaja. Ningeambiwa asante, cheki ingekuwa imelala mpaka leo."

"Mama Righa, nilisahau," Wakesho akasema.

"Ng'ombe hukumsahau."

Inspekta akafuta vidole kwa gazeti, akavuta pedi ya wino. "Faili imefunguliwa, na haifungwi kwa kuombana radhi. Cheki moja, mshtakiwa mmoja, kidole kimoja. Nikimwandika aliyesaini, kazi imekwenda. Nikimwandika mama, hiyo ni hongo, na kazi iliyonunuliwa pia imekwenda. Nikimwandika mjomba, nitaambiwa pesa alituma. Nikimwandika mlalamishi kwa kuniletea cheki aliyokubali ikiwa tupu, nani tena ataniletea kesi?"

Mama akanyoosha mkono. "Chukua changu."

"Mimi sitaki cha mama mtu," Mama Righa akasema. "Namtaka aliyeandika ile orodha."

Mjomba akatazama saa. "Mimi nina wateja wananingoja, afande."

"Haya, msomi," Inspekta akamwambia Wakesho. "Wewe ndiwe mwenye digrii. Nionyeshe ni kidole cha nani."

Wakesho akawatazama mmoja mmoja. Akafungua mdomo.

Mimi naufunga wangu hapo, nyinyi fungueni yenu. Yuko aliyesaini akijua ndani hamna kitu. Yuko aliyemsukuma kusaini, kisha pesa akaipitisha mlango mwingine. Yuko aliyekula ya viti ili mwanawe apate kiti. Na yuko aliyevunja ahadi kwa kukosa asante moja. Msiniambie "wote", maana Inspekta amesema kimoja. Je, ni kidole cha nani kilichostahili wino ule?