Kipepeo wa Jasho la Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akishikwa na uongo barazani alihamishwa nchi, alikuwako mchuma uyoga mmoja jina lake Chande. Hana mbele wala nyuma, ila ulimi, na ulimi huo ndio uliomponza.

Siku hiyo Sultani Badawi alikuwa akisifu vipepeo wa bustani yake. Chande, aliyeleta uyoga jikoni, akadakia, "Hao wa kila siku, bwana wangu. Msituni yuko mmoja, akikunja mbawa utaapa ni jani kavu, akizikunjua ni buluu tupu."

"Mwongo mkubwa!" akasema waziri. "Miaka yote hii nami sijamwona?"

"Basi," akasema Sultani, "siku ya saba nimwone mbele ya kiti changu cha enzi, yu hai, hajashikwa wala hajafungwa. La sivyo utahama nchi, wewe na mama yako."

Maskini Chande! Mama mwenyewe hajiwezi, hata mlangoni hafiki ila kwa kushikwa mkono. Akazunguka msituni siku sita, roho juu juu. Siku ya sita akaketi hoi kando ya kijito, mara kipepeo yule akatua shingoni mwake, akawa anamnyonya jasho. Kumbe apenda chumvi!

Kulipokucha akaenda barazani. "Bwana wangu, ulitaja kiti, hukutaja kiwe wapi. Naomba kipelekwe kijitoni."

Sultani akakuna ndevu, neno lake halirudi nyuma. Na ilikuwa ada ya nchi ile, kiti cha enzi kikisafiri, mwenyewe hukifuata kwa miguu. Basi wakapanda, wakashuka, hata Sultani, ambaye tangu azaliwe hajui jasho, akafika kalowa mwili mzima. Akajitupa kitini.

Punde, kitu cha rangi ya udongo kikatua puani pake.

"Jani hilo, bwana!" akasema waziri, akanyoosha mkono alipanguse.

"Thubutu!" akanong'ona Sultani, macho yamekutana puani. Jani likakunjuka. Lo! Buluu ya kukata na shoka! Sultani akajizuia, akajizuia, akashindwa. Akaangua kicheko, na kipepeo akaenda zake.

"Waziri, nani mwongo?"



Ikawa siku ile kiti kilirudi mjini kichwani mwa waziri. Chande hakungoja hata kutunzwa. Alikwisha kutimua mbio kumwambia mama yake kwamba hawahami.