Siku Maharage Yalipofukuza Bia Kwenye Friji

Baridi ya njiani hufungwa nyumbani.

Mmemsikia Bibi Anaeli akimtupia Sifaeli maneno hayo asubuhi hii, Sifaeli aliposema kwamba kesho anakwenda chuo Dodoma na mambo ya malazi atayajulia huko huko. Wakubwa wote wakanigeukia mimi na kucheka. Nanyi mkacheka, ingawa hamjui kinachochekwa. Haya, kaeni kwenye hizo kreti, ila msizivunje. Methali nyingine zilitungwa na wahenga ambao hakuna aliyewaona. Lakini hii, mwenye kosa lake mnaye hapa, ana mvi na meno machache. Ilizaliwa hivi.

Mwaka ule kijiji chetu cha Nkoasenda kilikuwa kimeanza kulima maharage machanga ya kwenda Ulaya kwa ndege. Msimu wa kwanza tulivuna vizuri, lakini mnunuzi hakuonekana. Maharage membamba yale hakuna aliyeyazoea hapa, basi tukawapa ng'ombe. Ng'ombe wakala maharage ya Ulaya mpaka wakaanza kudharau majani. Watu wakachoka. Wengine wakasema waziwazi kwamba wanarudi kwenye migomba yao, na kikundi kife.

Msimu wa pili akapatikana Mholanzi mmoja. Akasema: nileteeni maboksi arobaini nionje. Yakifika mazima, nachukua mavuno yenu ya mwaka mzima. Yakifika yamechoka, tusisumbuane tena.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Anaeli, mke wa marehemu kaka yangu, ndiye aliyesimamia banda la mkaa, lile lile mnalolimwagia maji kila siku. Kuta zake za mkaa uliolowa, upepo ukipita ndani unapoa. Kazi yake ilikuwa kuyatoa maharage joto la shamba kabla hayajafungwa. Alikuwa amekwenda kusoma kazi hiyo wiki tatu, na alirudi na sheria zake: yakichumwa alfajiri, yalale bandani mpaka mchana, ndipo yafungwe pamoja na vifuko vya barafu.

Jumamosi ile mvua ilituchelewesha, tukachuma jua likiwa limeshapanda. Mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka tufike uwanja wa ndege mapema, wasije wakasema watu wa Nkoasenda ni wazembe. Nikamwambia Anaeli, "Shemeji, fungasha tuondoke."

"Hayajapoa."

"Yatapoa juu."

"Juu wapi?"

Hapo ndipo nilipotoa hekima yangu. Nikaunyoshea mkono mlima. "Wewe umezaliwa hapa. Ukipanda mlima kidogo, unavaa sweta. Ukipanda sana, unavaa koti. Kule Kilimanjaro juu kuna theluji, na ndege inapita juu kuliko theluji! Sasa kwa nini tupoze hapa kitu kinachokwenda kupozwa bure na Mungu?"

Wanaume wote waliokuwapo wakanipigia makofi. Hata vifuko vya barafu tukaviacha, nikasema vinaongeza uzito. Anaeli hakubishana. Alipanda nyuma ya pikapu pamoja na maboksi, akiwa amebeba vile vifuko ndani ya ndoo yenye mfuniko, akasema, "Nakwenda kuiona hiyo theluji yako."

Tulifika ghala la mizigo saa saba na nusu. Mkaguzi alikuwa kijana mpole aitwaye Kisaka. Akafungua boksi moja, akachomeka kipimajoto katikati ya maharage, akasubiri. Kisha akanitazama.

"Mzee, hii ni mboga au ni chai?"

"Kwani vipi, mwanangu?"

"Nyuzi ishirini na saba."

Nikamweleza habari ya mlima. Nikamweleza vizuri, na sweta na koti. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, midomo ikimcheza.

"Mzee wangu, nje ya ndege kuna baridi kweli. Lakini haya maharage yako hayasafiri yakiwa yameketi juu ya bawa. Ndege ni mbebaji tu. Ukiipa moto, itashusha moto. Tena maharage yanapumua humo ndani, yanapashana joto yenyewe kwa yenyewe. Yatafika yakiwa mchuzi."

"Sasa tufanyeje?"

"Chumba chetu cha baridi kimejaa nyama. Napokea mpaka saa kumi na mbili. Ukinionyesha nyuzi nane au chini yake, yanapanda. Zikizidi, wapelekee ng'ombe."

Wanangu, siku ile nilitamani ardhi inimeze. Niliwaona watu thelathini na moja wa kikundi wakining'oa uenyekiti, kisha waking'oa na maharage. Nikakaa kwenye ngazi ya ghala. Anaeli akaja, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, pale njia panda kuna baa ya Mama Ndewario. Ina mafriji sita makubwa."

"Unajuaje?"

"Wewe ndiye uliyetuambia, siku ulipochelewa kurudi kutoka mnadani."

Tukaenda. Baa ilikuwa imejaa. Jumamosi, jua kali, watu wana kiu. Mama Ndewario, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele, alitusikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Nitoe bia kwenye friji? Leo? Hawa watanichoma moto! Waombe wenyewe."

Basi nikapanda juu ya kreti ya bia nikaungama mbele ya walevi. Nilisema yote: mlima, theluji, nyuzi ishirini na saba, kikundi kinachokwenda kufa kwa ajili ya mdomo wangu. Kisha mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa kwenye kona, akainua glasi yake.

"Nimekuelewa. Yaani sisi tunywe bia ya moto ili Mholanzi ale maharage ya baridi!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka.

Mama Ndewario akapiga meza. "Sikilizeni! Friji nitampa. Lakini huyu aliyesema baridi iko juu, aanze yeye na ya moto. Mpaka tone la mwisho, na tumwone!"

Wakaniletea chupa iliyokuwa imekaa dirishani, juani. Niliinywa, nikamaliza. Mpaka leo nikikumbuka, ulimi unakunjamana. Wakashangilia kama nimefunga goli, na papo hapo wote wakageuka vibarua wa Anaeli. Aliwanawisha mikono kwa sabuni mmoja mmoja, hata mwalimu. Bia zikatoka, friji zikafutwa, vifuko vya barafu vikawekwa juu, maharage yakatandazwa tabaka jembamba kwenye trei. Hata maboksi matupu aliyaingiza humo. "Mgeni aliyepoa," alisema, "halazwi kitanda cha moto." Kila nusu saa alikuwa akishika, akitikisa kichwa, akifunga. Walevi wakawa wanaulizana, "Wagonjwa wanaendeleaje?"

Saa kumi na moja na nusu tulifunga boksi la mwisho. Saa kumi na mbili kasoro dakika sita Kisaka alichomeka kipimajoto.

"Nyuzi saba." Akanusa. "Mmeyapoza wapi? Yananukia harusi."

"Usiulize," Anaeli akasema. "Andika tu saba."

Yakapanda. Jumanne Mholanzi akapiga simu: yamefika, ukilikunja moja linavunjika kwa mlio. Anachukua mavuno ya mwaka mzima.

Kijiji kilicheza ngoma. Nami nikadhani nimesamehewa, kwa kuwa jambo limeisha vizuri. Asubuhi yake nikafika bandani nikakuta mlangoni pameandikwa kwa mkaa, herufi kubwa, mwandiko wa shemeji yangu, maneno matano. Mvua ilipoyafuta, aliyaandika tena kwa rangi. Ndiyo hayo mnayoyapita kila siku.

Na ile baa ingalipo. Nikiingia, hata sijaagiza, mhudumu ananiletea ya moto.

Sasa wewe Sifaeli, uliyesimama hapo nyuma, unayekwenda kuyajulia huko huko: simu unayo, na dada wa mama yako yuko Dodoma. Mpigie kabla basi halijaondoka. Mimi niliokolewa na friji za bia, na wewe sidhani kama utakuta baa yenye huruma pale stendi. Baridi ya njiani, mwanangu, hufungwa nyumbani.